Biogesi ya mfuko: gesi iko poa, fundi ndo shida

Wauzaji wa biogesi walitufungia mtambo wao hapa Tengeru, Arusha, ni mfuko mkubwa ambao mavi ya ng'ombe yanaozea humo na kutoa gesi ya kupikia. Tuna ng'ombe wawili tu wa maziwa, na yani gesi inatosha chai ya asubuhi, ugali na mboga, maharage ndo bado tunapeleka kwenye mkaa. Unakoroga mavi na maji ndoo kwa ndoo, majani yatoe kabisa maana yanaziba bomba. Ila mi kilichonikosha ni lile tope linalotoka upande wa pili, halinuki kama samadi mbichi na naitrojeni, yani kile chakula cha mimea, inabaki humo humo, migomba imenawiri mpaka jirani anakuja na ndoo kuomba. Mfuko uzungushieni uzio lakini, mbuzi watautoboa. Fundi wao akishalipwa, kupokea simu ni mpaka ajisikie. Nyota nne.