Mashine pepe 11 kutoka ESXi kwenda Proxmox: uzoefu wangu

Mashine ya tatu kuhama ndiyo iliyowaka vizuri kuliko zote. Haikutoa skrini ya buluu, haikulalamikia diski, na mtandao ulikubali mara ya kwanza. Nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi mhasibu akanipigia simu: "Kaka, ankara zangu za mwezi uliopita ziko wapi?" Nikamwambia ajaribu kutafuta kwa tarehe. Akajibu kwamba mwezi uliopita haupo, na uliotangulia nao haupo. Kumbe nilikuwa nimeihamisha mashine kama ilivyokuwa miezi minane nyuma.

Nirudi mwanzo kidogo. Nilikuwa na seva moja ya VMware ESXi, programu inayoigawa kompyuta moja iendeshe mashine pepe nyingi (kompyuta zilizotengenezwa kwa programu tu). Ilikuwa na mashine 11, saba za Linux na nne za Windows. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na muda mfupi baadaye leseni za kudumu zikaacha kuuzwa, zikabaki za kulipia kila kipindi. Nikaona heri nihame kwa wakati wangu kuliko kuja kukurupushwa. Nilichagua Proxmox VE, programu ya kazi hiyohiyo ambayo chini yake kuna KVM na QEMU, zana za Linux za kuendesha mashine pepe, kwa sababu rahisi tu kwamba Linux naifahamu.

Zana nilizotumia ni tatu: qemu-img (inayogeuza faili za diski), virt-v2v (inayogeuza mashine nzima), na ile sehemu ya kuingiza mashine za ESXi iliyomo ndani ya Proxmox yenyewe tangu 2024. Nilianza na qemu-img kwa kiburi cha mtu wa terminali, wa kuandika amri kwa mkono, na ndiyo iliyonifikisha kwa yule mhasibu.

Diski ya mashine ya ESXi kwa kawaida ni faili mbili. Moja ni ndogo sana, ya maandishi matupu. Nyingine, yenye jina linaloishia na -flat.vmdk, ndiyo yenye data. Ukiifungua ile ndogo utakuta mstari kama huu: RW 83886080 VMFS "web-flat.vmdk". Namba hiyo ni idadi ya sekta za baiti 512, na ukipiga hesabu unapata GB 40 kamili. Ukinakili faili moja ukaiacha nyingine, huna diski. Hilo nililijua. Nilichosahau ni kwamba ukipiga snapshoti (kuhifadhi hali ya mashine ilivyo wakati huo ili uweze kuirudia), ESXi haiandiki tena kwenye diski ya msingi, bali kila badiliko jipya linaingia kwenye faili nyingine yenye mkia wa -000001. Mtu fulani (nikisema mtu fulani najisema mwenyewe) alipiga snapshoti kabla ya kusasisha programu ya uhasibu, programu ikasasishwa salama, snapshoti ikaachwa. Mimi nikaipa qemu-img faili ya msingi, nayo ikageuza kwa uaminifu kile nilichoipa.

Kilichoniokoa ni kwamba mashine ya zamani nilikuwa nimeizima tu, sijaifuta. Niliiwasha upya, nikafuta snapshoti zote ili mabadiliko yamezwe na diski ya msingi, nikasubiri kazi hiyo iishe (usiikatize!), nikazima, nikageuza tena. Mhasibu alipoteza asubuhi moja. Mimi nilipoteza heshima kidogo. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninalolifanya ni kuangalia folda ya mashine: nikiona faili yenye 000001, sigusi kitu.

Amri yenyewe ya kugeuza ni ya mstari mmoja, qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 (vmdk ni muundo wa diski wa VMware, qcow2 ni wa QEMU), ikifuatiwa na jina la faili ya kutoka na la kwenda. Hiyo -p inakuonyesha asilimia, maana bila hiyo utakaa ukitazama skrini iliyonyamaza. Jambo lililonishangaza ni ukubwa. Mashine iliyokuwa na GB 40 tu za mafaili ilitoa faili ya zaidi ya GB 100. Sababu ni kwamba vitu vilivyofutwa ndani ya mashine bado vimeacha alama zao kwenye diski, na qemu-img inaruka sehemu zenye sifuri peke yake. Kwenye Windows niliendesha zana ya sdelete -z kabla ya kuzima, ikajaza sifuri kwenye nafasi tupu, na faili ikasinyaa.

Ila ukiniuliza kazi iko wapi hasa, sitakuambia kwenye diski. Kugeuza diski ni kunakili tu. Kazi iko ndani ya mashine, kwa sababu mfumo ulioishi miaka kwenye maunzi ya VMware umeyazoea, na ukiamka siku moja ukakuta kadi ya mtandao na kidhibiti cha diski ni vingine, kila mfumo unashtuka kwa namna yake.

Windows ndiyo hushtuka vibaya. Nilipoipa diski ya aina ya VirtIO (maunzi ya kuigiza yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe) moja kwa moja, ilinipa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nilikuwa nimeshasakinisha draiva za virtio kabla ya kuhama, nikadhani nimemaliza. Tatizo ni kwamba Windows haipakii draiva ya diski wakati wa kuwaka kama haijawahi kukutana na kifaa chenyewe. Dawa niliyoitumia ni hii: weka diski ya mfumo kwanza kama SATA, iwake. Iongezee diski ndogo tupu ya GB 1 ya VirtIO SCSI pembeni. Windows ikishaiona na kuipokea, zima, toa ile ndogo, badilisha diski ya mfumo iwe VirtIO SCSI, kisha rekebisha mpangilio wa kuwaka, maana ukibadilisha aina ya diski mpangilio huo unapotea na utaambiwa hakuna cha kuwashia. Dakika kumi kwa mashine, ukishazoea.

Na VMware Tools, programu saidizi za VMware zinazokaa ndani ya mashine, ziondoe ukiwa bado ESXi. Nilisahau kwenye mashine moja, na kiondoaji kikakataa kufanya kazi kwa sababu hakikuiona VMware. Niliishia kuchimba kwenye rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake) nikifuta huduma moja moja. Mwenye BitLocker, ufungaji wa diski kwa siri wa Windows, naye aisimamishe kwa muda kabla ya kuzima na aweke ufunguo wa kurejesha mahali pengine, si ndani ya mashine hiyohiyo.

Linux ni mpole zaidi, lakini ana vituko vyake. Kadi ya mtandao iliyokuwa ikiitwa ens192 kule, huku ikaamka ikiitwa ens18. Jina linatokana na nafasi ya kadi kwenye basi ya PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta), na nafasi imebadilika. Faili ya netplan, yenye mipangilio ya mtandao, bado inaitafuta ens192, haioni, mashine inawaka bila anwani, nawe unajua tu kwamba SSH, njia ya kuingia kwa mbali, haijibu. Mashine zilizofuata nilizifunga kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) badala ya jina, nikaihamisha MAC ileile, na sikuwasha pacha wawili, ya zamani na mpya, kwa wakati mmoja. Mbili za ukoo wa Red Hat zilikwama kabla hata ya kufika huko, zikaniangusha kwenye ganda la dharura la dracut, kwa kuwa initramfs yao (mfumo mdogo wa kuwashia, ambao dracut ndiyo huujenga) ilijengwa na draiva za maunzi ya zamani tu. Niliwasha kwa kerneli ya uokozi iliyomo kwenye menyu, ambayo hubeba draiva zote, nikajenga initramfs upya, zikatulia.

Baada ya hayo ndipo nilipojaribu virt-v2v, na ningeanza nayo ningepunguza nusu ya jasho. Hii haigeuzi diski tu. Inaingia ndani ya mashine, inatazama ni mfumo gani, inaweka draiva za virtio na kurekebisha mpangilio wa kuwaka. Kwa Windows mbili za mwisho sikuhitaji ule mchezo wa diski ya GB 1. Hasara yake: inataka mashine iwe imezimwa kikwelikweli. Windows iliyolala au yenye kile kipengele cha kuwaka haraka inakataliwa, na ni haki yake kukataa.

Kiingizaji cha Proxmox nacho ni kitamu kwa mashine nyepesi. Unaiongeza ESXi kama hifadhi, orodha ya mashine inajitokeza, unachagua hifadhi ya kwenda na daraja la mtandao, basi. Kama mashine ilikuwa ya UEFI (namna mpya ya kuwasha kompyuta) kinakuwekea OVMF, ambayo ni UEFI ya mashine pepe, jambo ambalo kwa mkono nililisahau mara mbili. Kuna pia chaguo la kuiwasha huku data bado inavutwa. Mimi sikulitumia kwa hifadhidata, na sitalitumia: uvutaji ukikatika katikati, chochote kilichoandikwa tangu mashine iwake upande wa pili kinapotea.

Kwa hiyo leo ningefanya hivi: kiingizaji kwa Linux za kawaida, virt-v2v kwa Windows, qemu-img kwa faili yatima ambazo seva yao imeshakufa.

Zimehama kumi. Ya 11 ina programu ya zamani iliyofunga leseni yake kwenye utambulisho wa maunzi. Nimeinakili mpaka UUID, namba yake ya utambulisho, bado inasema hii si mashine yake. Waliouza programu wameahidi kutoa leseni mpya, na mpaka itakapofika, seva nzima ya zamani inaendelea kunguruma kwa ajili ya mashine moja yenye RAM ya GB 2.