TAHADHARI: vichupa vya "dawa ya kano" kwa wakimbiaji wa Arusha

Wakuu, hasa mnaofanya mazoezi pale Sheikh Amri Abeid na barabara za Njiro: kuna jamaa anauza vichupa vya BPC-157, sindano inayodaiwa kuponya kano, kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi nimeshapigwa laki na themanini.

Baada ya Kilimanjaro Marathon kano ya kisigino ilinikamata, nikawa nashuka kitandani nachechemea kama babu. Jamaa akanifuata inbox: ni peptaidi (kipande kidogo cha protini), wachezaji wa Ulaya wote wanatumia, wiki mbili unakimbia. Nikaomba ushahidi, akanitumia PDF ndefu ya Kiingereza. Nikalainika, nikalipa kwa simu. Kichupa kikaja na boda, kimeviringishwa kwenye soksi. Unga mweupe kiduchu chini, hakuna namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) wala jina la kiwanda, ila kwa herufi ndogo: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Eti nichanganye na maji mwenyewe, nijichome tumboni na sindano ya insulini!

Ile PDF nikampa binamu yangu anayesoma famasia. Haikupita dakika tano: "Kaka, hawa waliopona ni panya."

Utafiti upo, sehemu kubwa wa kundi moja la Zagreb, Kroatia. Panya anakatwa kano, anachomwa sindano ya BPC-157, kano inaunga upesi. Kwa binadamu ni vijitafiti vichache vya watu wachache, visivyo na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hujui kilichomponya mtu ni sindano au ni kupumzika. Na mnaowania medali: WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wameipiga marufuku tangu 2022, uwe na mashindano au huna. TB-500, peptaidi nyingine anayouza, nayo ni marufuku. Hilo hakunitajia.

Nilipodai hela akasema mzigo ukifunguliwa haurudi. Nikampigia picha ya kifuniko, kizima kabisa. Akanibloku. Sasa yuko na laini nyingine, profaili ina dada aliyevaa koti jeupe.

Mguu wenyewe fizio amenipa zoezi la kushusha kisigino taratibu kwenye ngazi: mara 15, mikupuo mitatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Niko ya nne, nachechemea kidogo tu.

Kichupa nakipeleka TMDA Kanda ya Kaskazini Jumatatu. Uliyenunua usikitupe chako, na meseji zake usifute. Nicheki twende pamoja.