Kuzamia mara ya kwanza uende wapi? Mnemba, Mafia, Pemba au hapa hapa Maziwe

Habari zenu jamani, karibuni tena chaneli yenu, leo nipo Raskazone hapa Tanga, na mkisikia vuu vuu kwenye maiki huo ni upepo wa kusi, maiki nzuri ile niliyoinunua kwa mbwembwe imeingia maji ya chumvi wiki iliyopita na imekufa, basi tutavumiliana.

Mada ya leo mmeiomba nyie kwenye komenti. Mtu hajawahi kuzamia hata siku moja, ana hela yake kidogo kaweka, aende kuanzia wapi? Na nikisema kuzamia namaanisha kwa mtungi na mapezi, maana mama yangu nilipomwambia mara ya kwanza, mama nataka kwenda kuzamia, akaacha kukuna nazi akaniangalia, Sauzi? Na umri huo? Nikamwambia hapana mama, chini ya maji. Akasema afadhali Sauzi.

Sasa kuna jamaa wa chaneli nyingine, simtaji, katoa video na droni yake juu ya Pemba, anawaambia watu kama ndo unaanza anzia Pemba maana maji ni kioo. Maji ni kioo kweli, hilo silipingi. Lakini ile video ilinikera mpaka nikaamua kurekodi hii, na ntawaonesha kwanini, kwa chupa tu ya maji.

Kamera sogea hapa. Hii chupa ya plastiki ya nusu lita, haina kitu, niliifunga kizibo juu ya boti ikiwa imejaa hewa, nikashuka nayo. Tazameni hii klipu, hapa tupo mita 3, mnaona ubavu umeanza kubonyea? Hapa mita 5, inajikunja kama imekaliwa. Hapa mita 10, imebaki nusu. Nusu kabisa! Hewa ni ile ile, hakuna aliyeitoa, ila maji yanaibana mara mbili ya kule juu. Alafu angalieni, tukaenda mpaka mita 18, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa ukishamaliza kozi ya kwanza, imepungua tena ndio, lakini sio kwa ile kasi. Yani purukushani kubwa yote ipo kwenye zile mita 10 za mwanzo, pale pale ambapo mgeni anadhani bado yupo juu juu.

Sasa toa chupa weka sikio lako. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kijichumba cha hewa, nacho kinabanwa hivyo hivyo. Ndo maana unaziba pua, unapuliza taratibu, masikio yanafanya pwap, unashuka kidogo, unapuliza tena, na hupulizi ukiwa na maumivu, ukisikia maumivu umeshachelewa, unapanda mita moja unajaribu upya. Na ukiwa unarudi juu mambo yanageuka, hewa inatanuka, kwa hiyo huzuii pumzi hata sekunde, unapumua tu muda wote. Na huo mtungi jamani ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, sio oksijeni, nimechoka kusahihisha komenti.

Kwa hiyo mtu anayeanza anataka nini? Anataka mahali anaposhuka polepole. Mchanga unaoteremka kama ngazi, mita 2, mita 4, mita 6, ukikwama unapiga magoti unatulia. Pemba sehemu nyingi zilizoipa jina ni kuta, tumbawe linakatika linakwenda chini, pembeni yako ni mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya kisiwa na bara, ambao kina chake kinapita mita 800, na maji yanakubeba. Mzoefu anapenda hivyo, anajiachia kama yupo kwenye daladala ya bure. We mgeni sikio limegoma, wenzako wanapelekwa, utasimama wapi? Mi yalinikuta, sio Pemba, sehemu nyingine na sitaji jina la waliotupeleka, ilikuwa bamvua, maji yanakwenda kama mto, mtu kanishika jaketi ananivuta chini tuwahi kundi, nikatoka na damu puani na sikio likawa linaimba siku nne.

Hapo ndo nawaambia kabla hujatuma hata shilingi, angalia mwezi. Wazee wetu wa hapa hawahitaji programu ya simu. Mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano ni bamvua, maji yanajaa sana yanakupwa sana, mikondo mikali na vumbi la mchanga linapanda huoni mbele. Katikati hapo, kwenye saba nane na ishirini na moja mbili hivi, ni maji mafu, bahari imelala. Panga kozi yako hapo. Mwalimu ukimuuliza bamvua lini akakutolea macho, mshukuru uondoke.

Haya tuje kwenye sehemu zenyewe, haraka haraka. Mnemba, Unguja. Nilikuwa nataka kuipa namba moja, maana kuna mchanga, kuna kasa, samaki wamejaa hata kwenye maji mafupi, na shule za kuzamia ni nyingi kuanzia Nungwi mpaka Matemwe. Ila boti! Msimu wa wageni boti zimebanana kama stendi, mapezi ya mtu yalinipiga miwani ikajaa maji. Bei nayo inatajwa kwa dola, mi nilitajiwa mia nne na kitu, ulizia bei ya wakazi usione aibu.

Mafia, ile hifadhi ya tangu 1995, ndani ya Ghuba ya Chole pametulia, matumbawe mazuri mno, pale kwenye mlango wa Kinasi, maji yanapoingilia ghubani, ndo uende ukishakomaa. Papa potwe mnaowaona kwenye picha wala hawahitaji mtungi, unavaa miwani na mrija unaelea, Oktoba mpaka Februari hivi. Kwa hiyo usilipie kozi sababu ya papa potwe, hiyo nimeona watu wanafanya.

Mmoja wenu yupo Misri anauliza Dahab. Dahab unaingia baharini kwa miguu kutoka ufukweni, kwa mwanafunzi hiyo ni raha, kama upo huko huko maliza huko.

Na hapa kwetu? Msije kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale. Najua hifadhi ya 2009 imebeba jina lake, lakini yule bwana anakaa kina kirefu mno, we kikomo chako 18. Na masika mito inamwaga tope, karibu na mji huoni kidole. Ila shuka Pangani mpaka Ushongo, toka na boti kwenda Maziwe, lile fungu la mchanga ambalo bamvua ikijaa linazama lote. Zamani lilikuwa na miti, ikaisha. Kwa mafunzo ya mwanzo mteremko wake naupenda, na siku ile tulikuwa boti moja tu, moja! Nilianza video hii nikitaka kuwaambia Mnemba, sasa hivi nimeshajigeuza mwenyewe. Haya basi, kozi kafanye Unguja kwenye walimu wengi wa kuchagua, kozi ikiisha, mazamio yanayofuata njoo Maziwe.

Na ukimaliza usikimbilie ndege, kaa angalau saa 18 nchi kavu kwanza kama umezamia zaidi ya mara moja. Kwa basi la Tanga haina shida, ila Lushoto siku hiyo hiyo usipande, ule ni mlima, kwenda juu hivyo ni kama kupanda ndege.

Wiki ijayo ni maji mafu, naenda Maziwe na chupa nyingine, safari hii ntaijaza hewa kule chini alafu nipande nayo tuone. Gonga kengele. Na mwenye miwani isiyovuja kwa mtu mwenye masharubu aniandikie, maana kunyoa mi sinyoi.