Laptopu ya mtumba ya kuendeshea VM: ipi uchukue ukiwa Tanga

Kila wiki kuna kijana ananishika pale Ngamiani, kaka nataka laptopu ya kuandikia programu, niweke Ubuntu (mfumo wa Linux, kama ilivyo Windows) ndani ya Windows, nichukue ipi? Mimi siangalii prosesa ni i5 au i7 kwanza, naangalia RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na sloti zake za kuchomekea. VM ni kompyuta ndani ya kompyuta, ukiipa GB 4 hizo 4 umezikata kwa mwenyeji, yaani laptopu yenyewe, sasa kama mashine nzima ina 8 na Windows 11 na Chrome vishajilia zao, utakaa unatazama kiduara kinazunguka. Anzia 16. Na SSD, ile diski ya kasi, lazima.

Namba moja kwangu ThinkPad T480. Sloti mbili za RAM, kwa hiyo unaichukua na 8 leo unaongeza mdogo mdogo mpaka 32, i5 yake ya kizazi cha 8 ina kore 4, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi, halafu betri mbili, moja ndani moja ya kuchomoa, umeme ukikatika katikati ya kuinstoli we unaendelea tu. Ila soma herufi vizuri, T480s ni kitu kingine, RAM nyingine imegandishwa kwenye bodi sloti imebaki moja, na wauzaji wanazichanganya, wengine makusudi.

Namba mbili HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, chukua iliyo safi zaidi. Nazo zina sloti mbili.

Tatu MacBook Air M1 ya GB 16. Haina feni, chaji inakaa, lakini RAM huongezi milele, na prosesa ni ARM, aina tofauti na ya Intel, so Ubuntu unayoshusha nayo iwe ya ARM, unaiendesha kwa UTM, programu ya VM ya Mac. Kama kazini wanakupa VM za Windows za Intel, ipite tu.

Nne kukodi VM mtandaoni. Kwa kuweka saiti hewani sawa, kwa kujifunzia dola zinakatwa hata siku hujaigusa.

Ya mwisho kabisa i7 ya kizazi cha 7, ndiyo inayouzika sana kwa ajili ya stika. i7-7500U ina kore 2, i5-8250U ina 4! Na Windows 11 rasmi haiitaki, wakati Windows 10 imeachwa tangu Oktoba 2025. Hiyo ndiyo waja leo waondoka leo.

Sasa BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, hapa nililia mwenyewe. Niliagiza mashine Dar, ikashuka na basi Kange, nafika nyumbani VirtualBox, programu ya kuendeshea VM, inagoma, virtualization, yaani uwezo wa prosesa kubeba VM, imezimwa, naingia BIOS kuiwasha inadai paswedi ya ofisi iliyokuwa nayo zamani. Muuzaji simu hapokei mpaka leo. Kwa hiyo washa mashine palepale kaunta, gonga F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, ikidai paswedi mrudishie mwenyewe. Ikifunguka, kwa ThinkPad nenda Security kisha Virtualization, washa, F10 kusevu.

VirtualBox yenyewe bure. Ipe Ubuntu GB 4, kore 2, diski GB 25, na ukiona mwenyeji anapumua kwa shida weka Ubuntu Server isiyo na madirisha, ya kuandika amri tu, hiyo hata GB 2 inakwenda.