IST yangu ya gesi: tapeti zilinyamaza, valvu ikaungua

Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar es Salaam. Gari langu ni Toyota IST, injini 1NZ-FE, lita 1.5, valvu 16. Nilifunga mfumo wa gesi asilia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo limetembea kama kilomita 95,000, karibu zote kwa gesi. Nawaandikia wenzangu wa gesi hasa, kwa sababu nusura ninunue injini nzima kwa ajili ya valvu iliyoungua.

Lilianza kutetemeka kwenye foleni. Baadaye likawa halina nguvu, kupanda Kimara na abiria watatu ni shughuli, na taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikaonyesha P0303, yaani silinda namba tatu haichomi sawasawa. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi zote, kisha koili ya namba tatu. Hali ikabaki ileile. Siku ya tatu wakaniambia injini imekufa, nitafute ya mtumba, milioni moja na laki nane pamoja na kufunga. Hiyo ni pesa ya ada za watoto wangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika siku zote tatu hakuna aliyepima chochote ndani ya injini ile.

Dereva mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa Gerezani. Huyo hakushika spana mpaka ameniuliza maswali: linatumia gesi tangu lini, tapeti (vile vikombe vidogo vinavyokaa juu ya valvu) zimewahi kupimwa, asubuhi linatoa moshi? Kisha akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, kwa psi. Silinda ya kwanza 185, ya pili 180, ya tatu 95, ya nne 185. Akadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi ya namba tatu na kupima tena. Ikabaki palepale. Akanieleza kwamba kama ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, ile oili ingeziba na kipimo kingepanda. Upepo ulikuwa unatokea kwenye valvu.

Akaniambia niliache gari lilale, kwa kuwa tapeti za injini hii hupimwa ikiwa ya baridi. Asubuhi akafungua tapeti kava, akazungusha puli ya krenki (shafti kuu ya injini) mpaka alama ikakaa kwenye sifuri, pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu na valvu zake zimefunga. Hapo akapima nafasi iliyopo kati ya tapeti na kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu zifunguke: intake (valvu za kuingiza hewa) za namba moja na mbili na egzosti (za kutoa moshi) za namba moja na tatu. Akazungusha mzunguko mmoja kamili, akapima zilizobaki. Alinishikisha mwenyewe fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, nami nimekuwa dereva miaka kumi na moja bila kujua kitu hiki kinafanywaje. Upande wa intake nafasi inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, na zangu zilikuwa ndani yake. Egzosti inatakiwa 0.25 hadi 0.35. Zangu zilikuwa 0.10, 0.12, nyingine 0.18. Moja ya zile mbili za silinda ya tatu haikupitisha hata fila nyembamba kuliko zote.

Nikamwambia mbona injini ilikuwa haipigi kelele hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, tapeti inayolia inakuomba msaada. Iliyonyamaza ndiyo inayoungua." Gesi ni kavu, haina ule unyevu wa petroli, kwa hiyo kiti cha valvu kinalika polepole na valvu inazama ndani ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Ikizama, shina lake linapanda juu na nafasi ya tapeti inapungua. Mwisho valvu haifungi vizuri, na valvu ya egzosti hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipogusa, inaungua. Hedi iliposhushwa niliiona kwa macho yangu: ukingo umeliwa upande mmoja kama mkate uliong'atwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Valvu zote za egzosti zilibadilishwa, viti vikachongwa upya kwa wachongaji, valvu zikasagwa, sili za valvu zote 16 zikawekwa mpya. Kabla ya kurudisha hedi aliilaza, akamimina petroli kwenye matundu ya egzosti na kuiacha nusu saa kuona kama inavuja. Boliti za hedi alizikaza kwa spana ya kipimo, kwanza Nm 29 (nyutoni mita), kisha akazizungusha nyuzi 90, kisha 90 tena. Kuna mafundi wanaokaza kwa kukisia mkono.

Kilichochukua muda ni tapeti. Injini hii haina shimu (kibamba cha kurekebisha nafasi) wala nati ya kukazia. Ukitaka kubadilisha nafasi unabadilisha tapeti yenyewe, na zinatofautiana unene kwa milimita 0.02. Tapeti ya 5.42 ikionyesha nafasi ya 0.12 na unataka 0.30, hesabu inakuja 5.24. Kuitoa lazima kamshafti zishuke, na cheni ya taimingi lazima irudi kwenye alama zake bila kukosea hata jino moja. Alifanya hivyo mara mbili. Baadhi ya tapeti alizihamisha kutoka valvu moja kwenda nyingine baada ya kuzipima kwa mikromita, ili ninunue chache tu.

Jumla nimelipa 640,000. Aliahidi siku tatu, ikawa sita kwa sababu ya foleni ya wachongaji, na siku sita bila gari kwa dereva si mchezo. Angeniambia mapema ningekodi jingine. Risiti ya vipuri nilipewa, ya ufundi niliiomba mara mbili.

Kompresheni sasa silinda zote ziko kati ya 185 na 190. Ameniagiza nirudi nikitembea kilomita nyingine 20,000, apime tapeti tu, nusu siku. Asubuhi ya kwanza injini ilikuwa inalia tik-tik kidogo ikiwa baridi, kitu ambacho hakikuwepo, nikampigia simu kwa hofu. Akasema niiweke simu juu ya injini. Akasikiliza, kisha akaniambia, "Hapo sawa. Nenda kazini."