Siku Tatu Las Vegas: Tathmini kwa Wanandoa Wasiocheza Kamari

Mimi na mume wangu tulilala Las Vegas usiku wa Jumapili na wa Jumatatu katikati ya Desemba 2024, tukitokea Los Angeles tulikokuwa tumealikwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa Mombasa ambao jamaa zao wametawanyika Marekani, kwa kuwa kila afikaye huko hakosi mtu wa kumshawishi akautembelee mji huo. Sisi hatuchezi kamari. Kwetu ni haramu, na hilo halikuwa la kujadiliwa. Nililotaka kujua ni kama mji uliojengwa kwa pesa za kamari una chochote cha kumpa mtu ambaye hataigusa. Jibu langu ni kwamba unampa mengi, na yaliyo mazuri zaidi hayalipiwi hata senti, mradi asikae zaidi ya siku tatu, aende katikati ya wiki, na awe na saa yake mwenyewe.

Kutoka Los Angeles ni kilomita 430 hivi, pungufu kidogo ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, na basi lilichukua saa tano na nusu kulivuka jangwa la Mojave. Aliyepita Tsavo wakati wa kiangazi atadhani nchi ile anaijua, lakini Tsavo ina miti. Mji wenyewe ulianza mwaka 1905, kampuni ya reli ilipouza viwanja kwa mnada jangwani, na ulinikumbusha jinsi Nairobi ilivyochipuka kwenye kituo cha reli iliyoanzia hapa kwetu. Kamari ilihalalishwa katika jimbo la Nevada mwaka 1931. Barabara maarufu iitwayo Strip, yenye urefu wa karibu kilomita 7, ndiko ziliko hoteli kubwa zote zinazoonekana kwenye picha.

Nianze na malazi, maana ndiyo yaliyotuudhi. Hoteli yetu sitaitaja, na kwa niliyoyasikia kwa wageni wengine haikuwa peke yake. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 58 kwa usiku, tukajiona tumepata. Mume wangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kwa miaka mingi amezoea kusoma ankara mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Alipopewa karatasi ya hoteli aliisoma vivyo hivyo, akakuta ada ya lazima ya dola 45 kila usiku kwa ajili ya intaneti, bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi, tutumie tusitumie, kisha kodi ya malazi juu ya vyote viwili. Jumla ikafika karibu dola 117 kwa usiku, yaani kama shilingi 15,000 za Kenya, maradufu ya bei tuliyoiona mwanzo. Bwawa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya baridi. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe ada za lazima ndani ya bei inayotangazwa, kwa hiyo atakayekwenda sasa atajua mapema atakacholipa. Lakini kujua mapema hakuipunguzi ada, na mwisho wa wiki bei ya chumba chenyewe hupanda sana.

Chumba kilikuwa safi, kitanda kikubwa, maji ya moto hayakukatika. Shida ilikuwa njia ya kukifikia. Huwezi kutoka mapokezi hadi kwenye lifti bila kupita katikati ya ukumbi wa kasino, na ukumbi huo hauna dirisha wala saa ukutani. Taa ni zilezile alfajiri na adhuhuri, muziki ni uleule, na mashine zinalia kwa sauti tamu kana kwamba kila mtu anashinda. Jumapili jioni tuliingia tukitafuta mahali pa kununua maji ya kunywa, tukazungukazunguka tukidhani ni kitambo kidogo, mara programu ya adhana kwenye simu ya mume wangu ikaita Maghrib. Kwetu Mji wa Kale Maghrib haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, nawe huijua hata kabla ya kusikia muadhini, kwa rangi ya mbingu na kwa kunguru wanaorudi kwenye miembe. Las Vegas mwezi wa Desemba jua huchwa saa kumi na nusu, na mle ndani hapakuwa na dalili yoyote kwamba mchana umekwisha. Tulikuwa wasafiri, tukikusanya swala na kuzipunguza, lakini tangu jioni ile tuliiacha simu itugawie siku: ikiita, tunaacha tulichokuwa tukikifanya na kutoka nje. Namshauri hata asiyeswali atege kengele kila baada ya saa mbili, kwani majengo yale yamepangwa ili mtu asahau wakati, na huo ndio ustadi wao mkubwa kuliko mapambo yote.

Jumatatu asubuhi mume wangu alisimama kwa muda kando ya meza ya ruleti, mchezo wa kubashiri kijimpira kitatua kwenye namba gani ya gurudumu linalozungushwa, bila kuketi na bila kutoa pesa, akiangalia tu hesabu zinavyokwenda. Gurudumu la pale lilikuwa na namba 1 hadi 36, kishimo kimoja cha 0 na kingine cha 00, jumla vishimo 38. Anayebashiri namba moja akapatia hulipwa mara 35 na kurudishiwa dola yake. Maana yake ni kwamba mtu akiweka dola moja juu ya kila kishimo, atatoa 38 na kurudishiwa 36, daima, hata apate bahati ya namna gani. Gurudumu lenye sifuri moja humkata kidogo zaidi ya dola mbili na nusu katika kila mia, hili la sifuri mbili humkata zaidi ya tano, na ziko meza nyingine kwenye Strip zilizoongezwa sifuri ya tatu, ambazo hukata zaidi ya saba, na watu wameketi. "Mama Salma, hii haina bahati," aliniambia. "Huu ni ushuru, tena wanautoza kabla mzigo haujashuka melini." Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu nina wapwa wanaocheza kamari kwenye simu huku nyumbani, nao huamini wanakaribia kujua siri. Siri imeandikwa wazi juu ya gurudumu, na anayetaka kuijua aihesabu.

Sasa niseme yaliyonifurahisha, na la kwanza ni fawara za Bellagio. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1998, na mbele yake kuna ziwa la kuchimbwa ambalo mabomba yake, zaidi ya elfu moja, hurusha maji kwa kufuata muziki, kila nusu saa alasiri na kila robo saa usiku hadi saa sita. Hakuna kiingilio wala foleni. Tuliegemea ukingo wa ziwa na makoti yetu ya kuazima, na baridi ilikuwa kali kwa watu wa pwani. Mara ya kwanza maji yaliporuka juu kupita maghorofa ya jirani, yakabaki hewani kitambo, kisha yakaanguka kwa kishindo kama mizinga ya Idd, nilimshika mume wangu mkono bila kujua. Tulikaa tukaona maonyesho manne, na usiku wa pili tukarudi.

Hata hivyo nilikuwa na neno moyoni. Mimi natoka mtaa ambao maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwenye mikokoteni, na kuyaona yakirushwa hewani kwa starehe katikati ya jangwa kuliniuma. Nikatafuta kujua. Ziwa lile hutumia maji ya kisima cha uwanja wa gofu uliokuwapo kabla ya hoteli, si ya bomba la mji. Pia karibu maji yote yanayotumika ndani ya nyumba na hoteli za eneo hilo, ya kuogea, ya kufulia na hata ya chooni, husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead yalikotoka. Nilitamani viongozi wetu wa kaunti waende kuuona mtambo huo kabla ya kuziona taa.

Majengo ya kuiga miji mingine yalinigawa. Luxor, piramidi nyeusi ya ghorofa 30 iliyofunguliwa mwaka 1993, ina lifti zinazopanda kwa mshazari kufuata mteremko wa ukuta, nami naisifu kwa akili hiyo. Mnara wa Eiffel wa hoteli ya Paris ni nusu ya ule wa Ufaransa, na baadhi ya miguu yake imetoboa paa ikasimama ndani ya kasino. Venetian, inayoiga mji wa Venice wa Italia, ndiyo iliyonishinda. Humo mna mifereji ya maji ghorofani, mbingu ya rangi iliyochorwa darini, na mashua zinazosukumwa na waimbaji wazuri kwa nauli kubwa. Wengi waliifurahia, na sitawalaumu, lakini mtu aliyekulia jirani na Bandari ya Kale, aliyeona majahazi yakiingia kwa pepo za kaskazi na kusikia harufu ya papa mkavu, hawezi kulipia maji yasiyo na harufu wala kujaa na kupwa. Sphere, jengo la mviringo kama mpira ambalo ukuta wake wa nje ni skrini, lenye kimo cha mita 112 na lililofunguliwa Septemba 2023, tuliliangalia kutoka nje tu, likigeuka mwezi, kisha jicho, kisha mpira. Kwa macho yetu hilo lilitosha.

Mambo madogo yafaa yajulikane. Majengo ni makubwa mno hata yakaonekana yako karibu, na tulipodhani tunatembea dakika tano tulitembea nusu saa. Vaeni viatu vya kutembelea, na kumbukeni kuna basi linalopita Strip usiku na mchana. Ndani ya kasino uvutaji wa sigara unaruhusiwa kisheria, na buibui langu lilinuka moshi hadi tuliporudi Los Angeles. Hoteli ya Park MGM imepiga marufuku sigara, na ningerudi ningelala huko. Barabarani wako watu waliovaa kama wanasesere wa sinema ambao hukukumbatia upigwe picha kisha wadai dola 20. Wako pia wanaogawa kadi zenye picha za kutia haya. Ukiweka mikono mfukoni wanakuacha. Mimi na hijabu yangu hakuna aliyenisumbua, na mhudumu mmoja Mwethiopia alinisalimu kwa salamu ya Kiislamu akatuelekeza mkahawa wa nyama ya halali nje ya Strip, ambako watu wawili tulishiba kwa dola 34. Karibu na hoteli, kikombe cha chai na mkate mdogo vilitutoka dola 19. Mwenye watoto ajue kwamba aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kusimama ndani ya ukumbi wa kasino, atapita tu.

Jumanne asubuhi, kabla ya basi la jioni, tulijiunga na gari la watalii hadi bwawa la Hoover mpakani mwa Nevada na Arizona, mwendo wa chini ya saa moja. Bwawa hilo lina kimo cha mita 221 na lilijengwa kati ya mwaka 1931 na 1936, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Kwenye majabali ya Ziwa Mead, lililo nyuma ya bwawa hilo, kuna mkanda mweupe unaoonyesha maji yalikofika zamani, juu sana ya yalipo leo. Mume wangu, aliyekuwa ameona kila kitu mjini kwa mikono nyuma, hapa alipiga picha nyingi kuliko siku mbili zilizotangulia. Kama siku zenu ni chache, punguzeni Strip, msipunguze Hoover.

Tulipoingia hotelini walizuia amana ya dola 100 kwenye kadi yetu, wakasema itarudi mara tutakapotoka. Ilirudi siku ya tisa, tukiwa tumeshafika Mombasa, kwa hiyo msiihesabu katika pesa za matumizi ya njiani.