Kliniki ya fistula ya dayalisisi kwa wenye mikono minene: nawapa nyota 4

Wenye wagonjwa wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) wenye miili mikubwa hii inawahusu. Ni kliniki ya mishipa hapa Dar, jina siweki maana nina malalamiko pia.

Mama yangu ni mnene, sukari na presha za miaka mingi, figo zikagoma, akaanza kusafishwa damu kwa mpira wa shingoni, na ule mpira mnaujua wenyewe, ukiingia bakteria ni homa, kutetemeka na kulazwa. Kwingine wakamtengenezea fistula ya mkononi, yaani wanaunganisha vena na ateri ili mshipa upanuke uchomwe sindano za mashine, ukiweka kidole unaisikia kabisa inatetema, lakini manesi wakichoma hawaupati mshipa, umezama chini ya mafuta, mkono unavimba, ikafika mahali mama akiona sindano tu analia.

Hawa sasa hawakukimbilia kisu. Daktari alianza na ultrasaundi, akapima upana wa mshipa, damu inayopita, na uko chini kiasi gani toka kwenye ngozi. Akatueleza kanuni ya sita sita: baada ya wiki 6 upana ufike milimita 6, damu ipite mililita 600 kwa dakika, na mshipa usizame zaidi ya milimita 6. Wa mama upana upo, damu ipo, shida kina tu. Yaani fistula nzima ilikuwa inaachwa hivi hivi! Wakamfungua wakauinua mshipa ukakaa juu karibu na ngozi, kuna wengine wanapunguzwa mafuta yaliyo juu yake mshipa wenyewe hauguswi. Nikauliza si bora apungue kwanza, akasema apungue ndiyo, ila mtu wa mashine mara 3 kwa wiki hatasubiri kilo zishuke na mpira uko shingoni.

Nyota moja nimekata, foleni yao haijali mgonjwa katoka kwenye mashine hoi, na kidonda ni kirefu halafu kwa mwenye sukari kinachelewa kupona, hilo wangetuambia mapema jamani.

Kidonda kilipopona manesi wao wakamchorea kwa kalamu pa kuchoma, sindano zikaingia, mpira umetolewa. Mkienda dai nakala ya vipimo na huo mchoro mpeleke mnakosafishia, na mkono wa fistula usipimwe presha wala kutolewa damu, watu wa maabara wanajisahau sana.